NYUMBA YA MFALME KULE NAMUGONGO



Leo nataka kuwachukua katika safari ndefu, kutoka kwetu Ikungi mpaka Namugongo katika nchi ya Uganda, tukaone kanisa ambalo Baba Mtakatifu amelipa cheo cha basilika. Lakini kabla hatujapanda gari, sharti niwaeleze kwanza jambo lililonipeleka huko. Jambo lenyewe ni la aibu kidogo, tena aibu yenyewe ni yangu mimi.

Katika kigango chetu kanisa la zamani ni tembe. Ninyi mliozaliwa Unyaturu mnajua tembe lilivyo. Wenzetu wa pwani na wa Bukoba, ambao hawajui, nitawaeleza. Kwanza husimamishwa nguzo za miti zenye panda juu. Boriti hulazwa juu ya panda, halafu fito, halafu majani, halafu udongo. Paa ni la bapa, si la mgongo. Ukuta huja baadaye, na kazi yake ni kuzuia upepo na wanyama tu, kwa maana paa limebebwa na nguzo. Hata ukuta ukianguka masika, paa hubaki limesimama. Ndani ya tembe letu wazee wetu walibatizwa, na mimi nilipata humo Komunyo ya kwanza. Lakini ni fupi, lina giza, na mvua ikizidi udongo huvuja juu ya altare.

Basi tulikubaliana kujenga kanisa jipya. Mimi nilichaguliwa kuwa mwandishi wa kamati. Nyumbani nilikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya kanisa la Ulaya, lenye minara miwili mirefu iliyochongoka kama mikuki. Nikaileta mkutanoni, nikasema, "Tukijenga, tujenge kama hili. Tumechoka kuchekwa." Vijana walipiga makofi. Mzee wetu mmoja, aliyekuwa katekista miaka mingi, aliinuka polepole akasema, "Wanangu, minara hii ni ya nani? Mmeuliza bei ya saruji?" Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu mbele ya watu kwamba yeye anapenda tembe kwa sababu amezeeka pamoja nalo.

Tulichimba msingi wa minara miwili. Fedha za alizeti za mwaka mzima ziliingia humo. Kuta zikafika kimo cha kiuno, kisha zikasimama. Mvua za misimu miwili zilinyesha juu yake, majani yakaota ndani, mbuzi wakafanya malisho. Watu waliacha kutoa zaka ya ujenzi. Nyumba mbili hazikusalimiana tena. Na yule mzee hakuja mkutanoni tena, ingawa Jumapili alikuja kusali, akaketi nyuma.

NJIANI

Mwezi wa Mei watu wa parokia walikodi gari kwenda hija ya Mashahidi wa Uganda, nami nikajiandikisha. Tuliondoka Ikungi alfajiri, tukaacha nyuma yetu mashamba ya alizeti na mawe makubwa ya Singida yaliyopandana kama mafungu ya viazi. Tukapita Igunga, Nzega na Kahama, tukashika njia ya Biharamulo, mpaka migomba ikaanza kutuzunguka pande zote. Kwa mtu wa Singida, aliyezoea kuhesabu miti, nchi ile ni ya kushangaza.

Bukoba tulishuka kusali katika kanisa kuu la Jimbo. Humo amelazwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa Kardinali, ambaye Papa Yohane wa 23 alimteua mwaka 1960. Alifariki mwaka 1997, na mwaka 2012 mwili wake ukazikwa upya katika kanisa hilo. Halafu tukavuka mto Kagera pale Kyaka, tukaingia Uganda kwa mpaka wa Mutukula, tukapita Masaka, na mbele yake tukavuka mstari wa ikweta. Akina mama walipiga vigelegele, ingawa hatukuona kitu ila duara la saruji kando ya barabara.

MAANA YA BASILIKA

Katika gari tulikuwa na padre mmoja mzee aliyepata kusoma Roma. Tulipopumzika kwenye kivuli, kijana mmoja alimwuliza, "Baba, basilika ni nini? Ni kanisa lililo kubwa kuliko mengine?"

Padre alichukua kijiti, akachora mavumbini ukumbi mrefu. Akasema, "Neno hili ni la Kiyunani. Maana yake ni nyumba ya mfalme. Warumi wa kale, hata kabla ya kumjua Kristu, walikuwa na majumba ya namna hii mijini mwao. Humo hakimu alikata mashauri, na wafanya biashara walikutana. Ukumbi ni mrefu. Ndani kuna safu mbili za nguzo. Katikati paa limeinuka, pembeni limeshuka, na juu ya nguzo kuna madirisha ya kuingiza mwanga. Mwishoni ukuta umepinda kama nusu ya duara, na hapo ndipo hakimu alipoketi."

Tukamwuliza ilikuwaje Wakristu wachukue nyumba ya mahakama na ya soko, wasichukue hekalu.

"Ni kwa sababu hekalu la wapagani lilikuwa nyumba ya sanamu," alijibu. "Sanamu ilikaa ndani, watu wakabaki nje. Lakini sisi Misa yetu ni karamu. Watu lazima waingie. Kaisari Konstantino alipowapa Wakristu uhuru mwaka 313, walihitaji nyumba ya kukutanikia watu wengi. Wakatazama nyumba walizozizoea, wakachagua ile inayofaa. Mahali pa kiti cha hakimu wakatengeneza patakatifu. Basilika ya Laterano, ambayo ndiyo kanisa kuu la Papa mwenyewe, iliwekwa wakfu mwaka 324. Ndiyo maana kila tarehe 9 Novemba tunaadhimisha sikukuu yake mpaka huku kwetu."

Akatusimulia pia habari za basilika ya Mtakatifu Sabina, iliyoanza kujengwa mwaka 422 na kumalizika miaka kumi baadaye. Ina nguzo 24 za marumaru, nazo zimetolewa katika jengo la zamani zaidi. Hawakuona haya kutumia nguzo kuukuu. Mlango wake ni wa mti wa mvinje, umechongwa habari za Biblia, na kipande kimoja kinaonyesha Bwana wetu msalabani kati ya wanyang'anyi wawili. Ni moja ya sanamu za kwanza kabisa duniani za Bwana kusulibiwa. Na katika basilika ya Bikira Maria Mkuu, kuta zimepambwa kwa picha za vipande vidogo vidogo vya mawe na vioo vya rangi, zilizotiwa pale katika karne ya tano. Watu wengi wa siku zile hawakujua kusoma. Walitazama ukutani wakamwona Abrahamu, Musa na Yoshua. Ukuta ulikuwa katekisimu yao.

"Basilika zilizo kuu ni nne tu, zote Roma," alimaliza padre. "Nyingine duniani huitwa basilika ndogo, kwa cheo anachotoa Papa. Utazitambua kwa mwavuli wa hariri ulio nusu wazi na kengele iliyo juu ya mti. Lakini, vijana, msisahau ukumbi huu niliouchora. Hapo mwanzo ulikuwa nyumba ya kawaida ya nchi ile."

Nilitazama mchoro ule mavumbini. Niliona nguzo, boriti na paa. Nikakumbuka panda za tembe letu, na moyo ukanichoma. Lakini sikusema neno.

NAMUGONGO

Namugongo ni kilima kilicho nje kidogo ya Kampala, upande wa mashariki na kaskazini. Tarehe 3 Juni watu huko hawahesabiki. Wako waliotembea kwa miguu toka Kenya na toka pande zote za Uganda, miguu imevimba, rozari shingoni. Watanzania nasi tulikuwa wengi, tukatambuana kwa Kiswahili na kwa vitenge.

Kanisa lenyewe huchukua watu kama elfu moja tu walioketi, kwa hiyo Misa ya sikukuu haisomwi ndani. Mbele yake, bondeni, kuna ziwa dogo, na ndani ya ziwa kuna kisiwa chenye banda la altare. Watu huketi kwenye mteremko kulizunguka, kama watu waliokaa kwenye ukingo wa bakuli. Hapo ndipo Baba Mtakatifu Fransisko aliposoma Misa tarehe 28 Novemba 2015. Mahujaji huchota maji ya ziwa wakapeleka nyumbani.

Kesho yake, umati ulipopungua, ndipo nilipopata nafasi ya kulitazama kanisa.

Nilitegemea kuona minara. Haikuwapo. Nilichoona ni nyumba ya msonge! Ni ya mviringo, nayo inapanda juu ikichongoka, kama nyumba za Waganda wa kale, zile ambazo majani yake yalishuka toka kileleni karibu na ardhi. Waganda huiita akasiisiira. Nguzo ndefu zinainuka toka chini kuizunguka nyumba pande zote na kuegemea juu. Nilizihesabu, nikapata 22. Kila nguzo ni kwa ajili ya shahidi mmoja Mkatoliki. Mchora ramani alikuwa Mswisi, Justus Dahinden. Alikuja toka nchi yenye makanisa ya minara, asiilete minara yao. Alitazama nyumba za wenyeji, akajenga kwa mfano wake.

Ndani hakuna pembe. Katika ukumbi wa Kirumi jicho hutembea toka mlangoni mpaka mwisho, kama mtu aliye njiani. Katika nyumba ya mviringo watu huzunguka, kama wana waliokaa na baba yao kuzunguka moto. Na altare iko mahali ambapo Karoli Lwanga alichomwa. Nilipopiga magoti, niliwaza kwamba chini ya sakafu ile nzuri ndiyo ardhi iliyokuwa na majivu.

Habari zao mnazijua, lakini hazichoshi kusimuliwa. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walifika Uganda mwaka 1879. Mwaka 1882 walilazimika kuondoka, wakavuka ziwa kuja upande wetu, wakakaa Bukumbi karibu na Mwanza, wasirudi mpaka mwaka 1885. Miaka ile yote Wakristu wa Uganda hawakuwa na padre. Walishikana wao kwa wao, wakiongozwa na Yosefu Mukasa Balikuddembe. Huyo ndiye Mkatoliki wa kwanza kuuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, tarehe 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga alichukua mahali pake akawalinda vijana wa ikulu wasiingizwe katika uchafu wa mfalme. Mwezi wa Mei 1886, usiku mmoja kabla ya hukumu, aliwabatiza wanne kati yao. Mmoja alikuwa Kizito, kijana wa miaka kama 14. Walihukumiwa Munyonyo, wakatembezwa mpaka Namugongo, na tarehe 3 Juni walichomwa moto wakiwa wamefungwa ndani ya mikeka ya matete. Wakatoliki walikuwa 13 siku ile, na ndugu zetu Waanglikana walikufa pamoja nao. Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa polepole kuanzia miguuni.

Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza wenye heri mwaka 1920. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1969 alikuja mwenyewe, wa kwanza kati ya Mapapa kufika Afrika hii yetu kusini mwa jangwa, akapabariki mahali pa kanisa hili. Katika safari hiyohiyo aliwaambia maaskofu kule Kampala kwamba Waafrika wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristu wa Kiafrika. Kanisa lilipokwisha, Kardinali Sergio Pignedoli aliliweka wakfu tarehe 3 Juni 1975. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja kuhiji mwaka 1993, na mwaka huohuo likapewa cheo cha basilika.

NYUMBA MBILI ZA UMBO MOJA

Kabla ya kurudi tulipelekwa Kasubi, kilima kingine cha Kampala, penye makaburi ya Makabaka. Nyumba yake kubwa ilijengwa mwaka 1882 na Kabaka Mutesa wa Kwanza kuwa ikulu yake, kisha ikawa kaburi lake. Iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na Waganda wameijenga tena kwa majani na matete. Nayo ni msonge. Ndani yake wamezikwa Makabaka wanne, na mmoja wao ni Mwanga, yuleyule aliyewaua mashahidi. Baadaye alinyang'anywa ufalme, akapelekwa mbali uhamishoni, akabatizwa, akafa visiwani Ushelisheli mwaka 1903. Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1910.

Nilisimama pale nikastaajabu. Nyumba ya mfalme aliyeua, na nyumba ya Mungu juu ya ardhi ya waliouawa, zina umbo moja! Wakristu wa Uganda wangeweza kusema, "Umbo hili ni la ikulu iliyotutesa, na la upagani wa babu zetu. Tulitupe." Hawakulitupa. Kadhalika Wakristu wa Roma waliingia katika umbo la mahakama, nao mahakamani ndiko ndugu zao walikohukumiwa kufa. Walichukua kiti cha hakimu wakaweka hapo altare ya Bwana. Naam, nyumba haina dhambi. Neno ni mfalme gani anayekaa ndani.

Na mimi? Mimi niliionea haya nyumba iliyonilea, na kwa ajili ya haya hiyo nilimtukana mzee wangu.

KURUDI

Siku ya pili baada ya kufika, sikwenda kwanza kwenye kamati. Nilikwenda kwa mzee. Nilimkuta akipepeta uwele na mkewe. Nikasema, "Tumsifu Yesu Kristu." Akajibu, "Milele, amina. Karibu, mwanangu." Nilimpa chupa ya maji ya Namugongo, nikamwomba msamaha kwa maneno niliyosema mbele ya watu. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mimi sikusema tujenge tembe. Tembe linavuja, mimi najua kuliko wewe, nimelipandia mara nyingi kuliziba. Nilisema tu tujenge nyumba tunayoweza kuimaliza, na ambayo tukiingia tujue ni kwetu."

Jumapili ile, baada ya ibada, nilichora kwa kijiti mbele ya watu wote kama padre alivyotuchorea. Nikachora ukumbi wa Roma, nikachora msonge wa Namugongo, halafu nikachora nguzo zenye panda. Niliwaambia wazi kwamba picha ya kalenda niliileta mimi, na fedha zilizolala katika misingi ya minara zimelala kwa ajili yangu. Kimya kilikuwa kirefu. Halafu mama mmoja wa zile nyumba mbili zisizosalimiana alisema, "Basi misingi ile isipotee. Mmoja uwe chumba cha sakristia." Mtu wa nyumba ya pili akasema, "Na wa pili tuweke kengele, chini chini tu." Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa mwanzo wa amani.

Sasa kazi imeanza tena. Kuta hazitapanda sana. Paa litakuwa la mabati, kwa sababu mvua ni mvua. Lakini litabebwa na safu mbili za nguzo za miti, ndani, mahali watu wanapoziona, na kila familia iliyoweza imeleta mti wake. Madirisha yatakuwa makubwa, maana giza la tembe hakuna anayelililia. Nyuma ya altare fundi wa hapa kijijini atachora mashahidi, na watoto wameomba Kizito awe mbele.

Nguzo ya kwanza ililetwa na mzee. Ilikuwa imetoka katika tembe la zamani, ile iliyosimama upande wa altare, nyeusi kwa moshi na ngumu kama jiwe. Vijana walitaka kuiranda iwe mpya. Aliwakataza. Alisema kama Warumi walitumia nguzo kuukuu, na sisi tunaweza.

Ndugu msomaji, huenda hutafika Roma, wala Namugongo. Lakini Jumapili ijayo, ukiingia katika kanisa la kigango chako, hata kama ni la udongo, inua macho utazame kinachobeba paa. Uliza ni nani aliyeukata mti ule, na aliubeba toka wapi. Na kama mzee huyo yungali hai, usichelewe kumsalimu.